Ndege wa Sudd aliyewagombanisha wataalamu

Mwaka 1850 John Gould, bingwa wa ndege jijini London, aliwekewa mezani ngozi za ndege mkubwa wa kijivu zilizoletwa na msafiri Mansfield Parkyns kutoka Nile Nyeupe. Mdomo ulikuwa mnene na mpana, na nchani una ndoano. Gould akamwandika kwa jina la Balaeniceps rex, na akamweka upande wa mwari. Wasemao Kiarabu mtoni walikuwa na jina lao, abu markub. Kwa Kiswahili ni korongo nyangumi.

Gould alikuwa na ngozi tu, kinamasi cha Sudd hakukijua. Ukishuka na mto kutoka Juba, ukaipita Bor, Nile hutawanyika ikawa mafunjo na maji yasiyo na mwisho. Humo ndimo ndege huyu husimama bila kutikisika akimvizia kamongo anayeibuka kuvuta pumzi.

Aliyemwonyesha London akiwa hai ni John Petherick, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyekuwa pia konsuli wa Uingereza mjini Khartoum. Ndiye huyo aliyegombana na Speke, msafiri aliyetafuta chanzo cha Nile, kwa kuchelewa kumpokea Gondokoro mwaka 1863, ng'ambo ya mto, kilomita chache kutoka Juba ya leo. Ugomvi huo ulimharibia jina, na ni haki pia akumbukwe kwa ndege zake. Petherick alichukua mayai ya korongo nyangumi akayaatamisha kwa kuku, na mwaka 1860 bustani ya wanyama ya London ikawapokea ndege wawili.

Ndipo mabishano yalipopamba moto. Mwaka 1861 msimamizi wa bustani hiyo, Abraham Bartlett, alitaja manyoya laini yanayosagika kuwa unga, ambayo ndege huyu hujisafishia mwili. Yangeyange na jamaa zake wanayo, hivyo akamvuta upande wao. Wengine walitazama miguu mirefu, vidole visivyo na utando, na tabia ya kugonganisha mdomo kwa kelele, wakasema huyu ni korongo basi. Jibu hilo ndilo lililokaa vitabuni muda mrefu, labda kwa kuwa ndilo linalomjia mtu yeyote anayemtazama kwa mbali.

Mwaka 1957 Patricia Cottam aliichunguza mifupa, hasa ya fuvu na mdomo, akarudi kwa mwari. Miaka 20 baadaye Alan Feduccia akaegemea kifupa kidogo cha sikio na kumrudisha kwa korongo. Kesi hii iliendeshwa kama baraza la wazee ambako kila mmoja amekuja na shahidi wake. Hakuna shahidi aliyesema uongo. Tatizo ni kwamba maisha ya kinamasini huwapa ndege wasio na udugu miguu inayofanana, na kiungo kimoja hakitoshi kueleza kipi kimerithiwa na kipi kimetokana na matope. Cottam alikuwa makini kuliko wenzake, kwa sababu alitazama viungo vingi kwa pamoja.

Mwaka 1995 uchunguzi wa muundo wa ganda la yai ulimuunga mkono. Kisha mwaka 2008 utafiti mkubwa wa vinasaba, ulioongozwa na Shannon Hackett na kuhusisha ndege wa spishi 169, ulimweka korongo nyangumi pamoja na mwari na fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo anayejenga kiota kikubwa kuliko mwili wake mara nyingi. Uainishaji wa sasa unazitia jamii za yangeyange na kwarara katika oda hiyohiyo ya mwari. Kwa hiyo Bartlett naye hakuwa mbali na ukweli. Waliobaki nje, katika oda yao wenyewe, ni korongo halisi.