Sarafu za Warumi zilivyokuwa kinywa cha Kaisari

Katika dola ya Warumi, sarafu haikuwa chombo cha kununulia bidhaa pekee. Ndiyo iliyopeleka sura na madai ya mtawala hadi mkononi mwa askari wa mpakani na mchuuzi wa sokoni. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Kaisari. Wa pili ulibeba picha ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuifasiri.

Julius Caesar ndiye Mrumi wa kwanza ambaye sura yake ilitiwa katika sarafu za Roma angali hai, mnamo 44 KK, mwaka uo huo aliouawa. Brutus, mmoja wa wauaji wake, alitoa dinari yenye majambia mawili na, katikati yake, kofia waliyoivaa watumwa walioachwa huru. Ajabu ni kwamba upande wa pili alitia sura yake mwenyewe!

Ushindi nao ulitangazwa vivyo hivyo. Mamba aliashiria Misri iliyotekwa na Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus. Mwanamke aliyeketi kwa huzuni chini ya mtende aliashiria Uyahudi, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70.

Hata hivyo, picha hizo mara nyingi zilitangaza kile mtawala alichokikosa. Nerva, aliyetawazwa mwaka 96 baada ya Domitian kuuawa, alitoa sarafu zenye mikono miwili iliyoshikana na maneno ya Kilatini yenye maana ya umoja wa majeshi. Mwaka 97 walinzi wake wenyewe waliasi, wakamlazimisha awatoe waliomuua Domitian. Punde si punde Nerva alimteua Trajan, jemadari aliyeheshimiwa na majeshi, kuwa mwanawe na mrithi wake.

Enzi ya Gallienus, kuanzia 253 hadi 268, tofauti hiyo ilionekana katika madini yenyewe. Nero alikuwa amepunguza fedha katika dinari tangu mwaka 64, na waliomfuata wakaendelea kuipunguza. Kufikia mwisho wa utawala wa Gallienus, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa karibu shaba tupu iliyopakwa utando mwembamba wa fedha. Juu ya shaba hiyo alichorwa mwanamke mwenye mizani, ishara ya haki katika vipimo. Sarafu nyingine zilisifu uaminifu wa askari. Mwaka 268 Gallienus aliuawa na maafisa wake mwenyewe.