Green Card Ilivyotuletea Spamu

Ile meseji ya "umechaguliwa" unayoifuta kwa simu kila wiki ina babu yake. Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walimwaga tangazo la bahati nasibu ya Green Card kwenye vikundi zaidi ya 5,000 vya Usenet, mabaraza ya mtandaoni ya enzi hizo. Kikundi kinajadili nini, hawakujali. Na bahati nasibu yenyewe haikuhitaji wakili: ulituma jina lako kwa posta, basi. Walichokuwa wanauza ni matumaini ya mgeni.

Watu waliwaka. Walirudisha barua pepe za matusi na malalamiko nyingi hivi kwamba mitambo ya kampuni iliyowapa intaneti ilizima mara kadhaa, na kampuni ikawafungia. (Wateja wengine wasiohusika nao wakakaa gizani. Adabu ilitetewa kwa fujo ileile.)

Kuomba radhi? Wapi! Wawili hao walitoa kitabu cha kufundisha wengine kutajirika hivyo hivyo. Mwaka 1997, Canter alifutwa uwakili kule Tennessee, tangazo lile likiwa mojawapo ya sababu. Wanafunzi wake tayari walikuwa kazini.