Nikita: Jasusi au Manamba?

Ndugu msomaji, tukiizungumzia tamthilia ya La Femme Nikita wengi wetu hukimbilia fani: bastola, miwani ya jua, nguo nyeusi. Hebu leo tuiache fani kidogo, tuulize swali la historia. Huyu dada anaua kwa amri ya nani, na kwa nini hakatai?

Filamu ya Luc Besson, Nikita, ilitoka Ufaransa mwaka 1990. Humo msichana ni mtumwa wa dawa za kulevya na kweli amemuua polisi. Tamthilia ya televisheni, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1997 hadi 2001 Peta Wilson akiwa Nikita, ilibadili jambo zito: hapa Nikita hana hatia, kasingiziwa. Anatangazwa kuwa amekufa, kisha idara ya siri iitwayo Section One inamfundisha kuua na kumpa jina la kazi, Josephine. Akikataa, anauawa kweli.

Mtasema ni biashara tu, mtazamaji hapendi shujaa mwenye damu mikononi. Sawa. Lakini nionavyo mimi, hatia haikufutwa. Imehamishwa kutoka kwa binti hadi kwa wanaomtuma.

Mlinganisheni na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka miaka ya 1970, Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Willy anatumwa na anakwenda kwa moyo mmoja, maana anaiamini kazi ya ukombozi. Nikita alizaliwa Vita Baridi ikiisha. Idara yake haina hata bendera ya kupigania.

Sisi wa Magoma, Korogwe, tuna neno la mtu wa namna hiyo: manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalijazwa watu waliotolewa mbali. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Manamba alifika akawa namba, na siku zake zikahesabiwa kwenye kipande. Nikita naye kanyang'anywa jina, kwao na hesabu ya siku zake.

Ila jamani, tusidanganyike na mlinganisho wetu wenyewe. Mkataba wa manamba ulikuwa na mwisho, ingawa wengi hawakurudi kwao. Tena manamba alikata mkonge. Nikita anakata roho za watu. Kulazimishwa kunapunguza lawama, hakumfufui aliyekufa. Hapo ndipo dhamira ya tamthilia inapoyumba: inatuliza kwa ajili ya muuaji, huku waliouawa wakipita kwenye kioo bila majina, kama namba.

Basi mhakiki anayemhurumia Nikita aanze kwa kuuliza majina yao.