Mwalimu Aliyepinga Shahada ya Truman

Mwaka 1956, Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza kilipanga kumtunuku shahada ya heshima Harry Truman, Rais mstaafu wa Marekani. Elizabeth Anscombe, aliyekuwa akifundisha falsafa katika Chuo cha Somerville, alisimama mbele ya wanazuoni wenzake akapinga. Truman ndiye aliyeidhinisha mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki, na kwa Anscombe mtu wa namna hiyo hakustahili kuenziwa. Waliomuunga mkono walikuwa wachache mno. Juni mwaka huo, Truman akapewa shahada yake.

Utetezi wa Truman ulikuwa umekwisha kuenea. Februari 1947, Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita, aliandika katika jarida la Harper's kwamba kuivamia Japani kungeweza kuwagharimu Wamarekani zaidi ya milioni moja, waliokufa na waliojeruhiwa. Kwa hoja hiyo, bomu lilimaliza vita. Basi liliokoa wengi kuliko liliowaua.

Hesabu ya aina hiyo ina asili yake. Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham alifundisha kwamba tendo hupimwa kwa furaha na maumivu linayowaletea wote linaowagusa. Fundisho hilo lina heshima yake: maumivu ya mchukuzi yana uzito uleule wa maumivu ya mfalme. Miaka minne kabla yake, Mjerumani Immanuel Kant alikuwa ameshika njia nyingine, akisema binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, hata lengo hilo liwe jema kiasi gani.

Anscombe, Mkatoliki, hakupinga kila vita. Alikubali kwamba askari anaweza kumuua askari. Alichokikataa ni kuwaua kwa makusudi wasio na hatia ili watawala wao wasalimu amri. Kufikia mwisho wa 1945, watu wapatao 140,000 wa Hiroshima walikuwa wamekufa, wakiwemo watoto wa shule na wagonjwa vitandani. Kwake hayo yalikuwa mauaji, na wingi wa waliosemekana kuokolewa haukuyabadilisha.

Kisha akaigeukia hesabu yenyewe. Julai 26, 1945, kutoka Potsdam, Marekani na washirika wake waliitaka Japani isalimu amri bila masharti. Dai hilo, alisema Anscombe, ndilo lililoziba njia nyingine, zikabaki mbili: bomu au uvamizi. Aliyeziba njia hawezi kujitetea kwamba hakuwa na njia.

Mwaka 1958 alichapisha makala iliyotikisa falsafa ya maadili. Aliwakosoa wote wanaopima tendo kwa matokeo yake pekee. Hakumwacha Kant pia, wala wale waliozungumzia wajibu kama sheria huku wakiwa wamemwondoa mtunga sheria, yaani Mungu. Akashauri wanafalsafa wajifunze upya kwa Aristotle, Mgiriki wa kale: haki ni nini, ujasiri ni nini, na mtu mwadilifu huishije. Ushauri huo ulisaidia kufufua maadili ya fadhila, yaani falsafa inayoanza na tabia njema ya mtu.

Mwenzake wa Somerville, Philippa Foot, aliuendeleza mjadala mwaka 1967 kwa mfano wa tramu iliyoshindikana kusimama. Dereva akiiacha itaua watano. Akiigeuza itaua mmoja. Wengi wetu tungeigeuza. Lakini Foot aliuliza pia: hakimu amnyonge asiye na hatia ili kuutuliza umati unaotishia kuua watano? Hapo wengi tunakataa, ingawa idadi ni ileile.

Kukataa huko si udhaifu wa hesabu. Kiongozi asiyejali matokeo ni hatari, na Bentham anatudai tumhesabu kila mtu. Lakini kuhesabu kuna zamu yake. Kwanza tuulize ni nani aliyezipunguza njia zikabaki mbili, na ni tendo gani halifanywi kwa bei yoyote. Anayeletewa orodha ya watu wa kufa ili wengine wapone anayo haki ya kuuliza hayo, hata akibaki peke yake ukumbini.