Schleswig: mpaka uliopigiwa kura

Aprili 1915 meli iliyojifanya ya Denmark iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilijiita Kronborg, lakini jina lake halisi ni Rubens, meli ya Kiingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Ndani ilibeba bunduki na risasi za kuwapelekea Wajerumani waliozingirwa Afrika Mashariki. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, iliifukuza mpaka ghubani na kuipiga mizinga. Nahodha Carl Christiansen akaikwamisha kwenye maji mafupi na kutia moto mbao za sitaha, na Waingereza wakaamini imekwisha, wakaenda zao. Baadaye shehena iliopolewa, risasi zikaanikwa zikauke.

Katika safari hiyo ya hila kulikuwa na jambo moja la kweli: Kidenmark cha mabaharia. Kwa sehemu kubwa walitoka Schleswig, nchi iliyo kati ya Denmark na Ujerumani, na walichaguliwa kwa sababu hiyo ndiyo lugha waliyonyonya kwa mama zao. Walivaa sare ya Ujerumani kwa kuwa baada ya vita vya 1864 wazazi wao walijikuta upande wa washindi bila kuulizwa.

Tangu 1460 mfalme wa Denmark ndiye aliyekuwa pia mtawala wa Schleswig na jirani yake Holstein. Watu waliongea Kidenmark, Kijerumani na Kifrisia, na mara nyingi zaidi ya lugha moja nyumba moja. Ugomvi ulikuja karne ya 19, pande zote mbili zilipoanza kudai kwamba kila ardhi lazima iwe ya taifa moja. Vita vya kwanza, 1848 hadi 1851, Denmark iliponea. Vya pili havikuchukua mwaka: tarehe 18 Aprili 1864 Wajerumani wa Prussia walivunja ngome za Dybbøl, karibu na Sønderborg, na Schleswig yote ikapotea. Ndiyo maana katika Vita Kuu vijana wapatao 30,000 wa kaskazini mwa Schleswig walipigania Ujerumani. Zaidi ya 5,000 hawakurudi.

Ujerumani iliposhindwa, wananchi waliulizwa hatimaye, wanawake kwa wanaume. Hapa kanuni ya kuhesabu ilikuwa na uzito kuliko watu wengi walivyodhani. Kanda ya kaskazini ilipiga kura tarehe 10 Februari 1920 na kuhesabiwa kwa jumla moja: robo tatu walichagua Denmark. Lakini miji ya Tønder, Aabenraa na Sønderborg ilichagua Ujerumani, Tønder kwa wingi mkubwa sana, ikavutwa kaskazini na kura za vijiji. Mwezi uliofuata kanda ya pili, pamoja na mji wa Flensburg, ilichagua Ujerumani. Wadenmark wa Flensburg, ambao bandari yao ilitajirika zamani kwa biashara chini ya wafalme wa Copenhagen, walilia.

Kwa maoni yangu mpaka ule ulikuwa wa haki kadiri mpaka unavyoweza kuwa, na bado uliacha maelfu upande wasioutaka. Dawa yao ilichelewa miaka 35. Machi 1955, serikali za Bonn (Ujerumani Magharibi) na Copenhagen zilitoa matamko mawili: mtu ni Mdenmark au Mjerumani akijitangaza hivyo, na serikali haina ruhusa ya kumchunguza. Shule za walio wachache zikatambuliwa pande zote mbili.

Baadaye Flensburg iliomba irudishiwe sanamu ya simba wa Isted, iliyosimamishwa 1862 kuadhimisha ushindi wa Wadenmark katika vita vya kwanza na kupelekwa Berlin baada ya Prussia kushinda. Mwaka 2011 simba akarudi kwenye makaburi ya kale ya mji. Mwaka 2021 Stefan Seidler wa SSW, chama cha Wadenmark na Wafrisia, aliingia bunge la Ujerumani, ambako chama hicho hakikuwa na kiti tangu miaka ya 1950. Sheria inakisamehe sharti la asilimia 5 ya kura.