Tshibumba Kanda Matulu: Mchoraji Aliyesimulia Historia kwa Kiswahili

Tunapofundisha historia ya Kiswahili, aghalabu tunaanza na Mwambao: Lamu, Mombasa, Unguja, pamoja na tenzi na hati za Kiarabu. Ndivyo tulivyofundishwa nasi. Hata hivyo, Kiswahili kilipofika bara kilipata wenyewe wengine na kikapewa kazi nyingine. Katika makala haya tunapenda kumwangalia mchoraji mmoja wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Picha zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani, lakini maelezo aliyoyatoa kuzihusu, tena kwa Kiswahili, hatuyasomi madarasani mwetu.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 mjini Élisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Huu ni mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia Katanga pamoja na misafara ya biashara na katika enzi ya Mfalme Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Kwa hiyo kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi, ya soko na hatimaye ya nyumbani. Watoto waliozaliwa kambini walikulia katika lugha hiyo.

Uchoraji nao ulikuwa na historia yake mjini humo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Le Hangar, walikofanya kazi wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Walichora ndege, samaki, wanyama na majani kwa ustadi mkubwa, na wanunuzi wao hasa walikuwa Wazungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 likatokea kundi jingine la wachoraji, wasio na karakana ya mfadhili, ambao wateja wao walikuwa majirani zao wenyewe: wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu, wenye vilabu vya pombe. Tshibumba alikuwa wa kundi hili.

Vifaa vyao vilikuwa duni. Badala ya turubai walitumia kitambaa cha magunia ya unga, wakakiwamba kwenye fremu ya mbao, wakakipaka rangi ya msingi, kisha wakachora. Picha ziliuzwa kwa kutembezwa mitaani, na bei yake ilikuwa ndogo. Mteja alizitambua kwa aina: mamba muntu, yaani nguva mwenye kuleta utajiri, kijiji cha mababu, na ile iliyopendwa sana, iitwayo Colonie belge, inayoonyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya ofisa Mbelgiji. Picha ilitundikwa sebuleni. Wageni waliitazama, na mazungumzo yakaanza.

Hapa kuna neno ambalo walimu wa Kiswahili hatuna budi kulitua na kulitazama. Watu wa Lubumbashi waliita thamani ya picha hizo ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile yenye uwezo wa kumkumbusha mtu jambo na kumfanya alisimulie. Kwa maneno mengine, picha na masimulizi vilikwenda pamoja, na masimulizi hayo yalikuwa ya Kiswahili.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mchoraji alikuwa na nia kubwa kuliko kuuza picha mojamoja. Alijiona mwanahistoria, akataka kuchora historia nzima ya nchi yake, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo. Katika mwaka mmoja hivi alikamilisha mfululizo wa picha 101, kuanzia enzi za mababu, kupitia ukoloni na uhuru, hadi utawala wa Mobutu, na mwisho akathubutu kuchora hata yale ambayo hayajatokea. Alipoleta picha alikaa na Fabian, akaeleza kila moja mbele ya kinasa sauti.

Tutaje mifano michache. Alichora mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mjini humo mwezi Desemba 1941, miaka kadhaa kabla ya yeye kuzaliwa. Alichora Simba Bulaya, yaani Simba wa Ulaya, kutokana na masimulizi ya kutisha ya watu waliodaiwa kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mara moja habari za mumiani. Alichora pia kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba akiwa bado mvulana. Katika picha hiyo misalaba mitatu imesimama kwa mbali kama ya Golgotha, na damu inayomtoka Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Kuchora mambo kama hayo katika nchi ya chama kimoja lilikuwa jambo la kujitosa.

Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni ya Kifaransa, lugha ya shule na serikali. Lakini mchoraji alipotaka kueleza kwa nini jambo lilitokea, nani alisema nini, na yeye mwenyewe analionaje, alizungumza Kiswahili. Nacho ni Kiswahili cha Lubumbashi, chenye bantu kwa watu, bintu kwa vitu, njo mahali pa ndiyo, na maneno mengi ya Kifaransa. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeona makosa kila mstari. Sisi tunaona hoja, kejeli, mashaka na ushahidi. Lugha iliyoweza kubeba historia ya nchi nzima haiwezi kuitwa lugha iliyovunjika. Ina kanuni zake, na inastahili kuelezwa kabla ya kusahihishwa.

Fabian alichapisha picha hizo pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mazungumzo mwaka 1996, katika kitabu Remembering the Present. Maandishi ya Kiswahili yaliwekwa kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Picha zenyewe zilikwenda Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum, ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Kazi zake zilionyeshwa New York pia. Mchoraji mwenyewe hakuyaona hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na hajulikani aliishia wapi. Yaliyobaki ni picha na sauti.

Lubumbashi haikuacha kazi ya ukumbusho. Mwaka 2000 ulianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambapo wanahistoria wa chuo kikuu waliwahusisha wakazi wa mji katika kukusanya na kuonyesha kumbukumbu zao wenyewe. Mwaka 2008 wasanii wa mji, akiwamo mpiga picha Sammy Baloji, walianzisha maonyesho ya kila baada ya miaka miwili, wakayapa jina la Kiswahili: Picha.

Kwa wanafunzi wetu tunapendekeza zoezi moja. Chagueni picha moja ya Tshibumba, msome maelezo yake kwa sauti kama yalivyoandikwa, bila kuyasanifisha. Kisha yaandikeni kwa Kiswahili sanifu, na mjadili ni kipi kilichopotea njiani. Walimu nao wajiulize ni wachoraji na wasimulizi gani wa mitaa yetu ambao hawajarekodiwa na mtu yeyote. Kinasa sauti hakina gharama kubwa siku hizi, na wazee hawatungoji.