Esofagektomia: Jina Linalotaja Kilichoondoka Tu

Esofagektomia ni neno la Kigiriki lililoungwa kwa vipande vitatu: umio, nje, na kukata. Ukilifuata kipande kwa kipande unapata "kuukata umio na kuutoa", na ndivyo linavyotafsiriwa mara nyingi: upasuaji wa kuondoa umio. Sarufi haina kasoro. Lakini mgonjwa anayesoma maneno hayo kwenye fomu ya ridhaa hubaki na swali la maana kabisa: ukishaondolewa, chakula kitapita wapi?

Kabla ya kulijibu, tuuangalie umio wenyewe. Neno limo kwenye kamusi na kwenye vitabu vya biolojia vya shule, ila mtaani, na hata wodini, wengi husema koo: saratani ya koo, koo la chakula. Kwa msemaji wa kawaida koo ni shingo kwa ndani, pale panapowasha ukiwa na mafua. Umio unaanzia chini ya hapo, na sehemu yake kubwa imo kifuani. Kwa mtu mzima ni mrija wa misuli wenye urefu wa kama sentimita 25. Unashuka nyuma ya bomba la hewa, unapita nyuma ya moyo, unapenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ndipo unaingia kwenye mfuko wa chakula. Mtu aliyeambiwa ana saratani ya koo ana haki ya kushangaa akisikia kwamba atapasuliwa ubavuni. Na aliyedhani shida iko kooni anaweza kuanza kwa kusukutua maji ya chumvi, au kwenda kukatwa kilimi, huku ugonjwa uko sentimita nyingi chini zaidi. Kwa hiyo naona "saratani ya umio" isiachwe vitabuni. Isemwe wodini pia, mkono ukiwa kifuani.

Dalili yenyewe wagonjwa huieleza vizuri kuliko istilahi yoyote: chakula kinakwama. Kwanza ni nyama, baadaye ugali unaoshushiwa kwa maji, kisha wali laini, kisha uji, mwisho hata mate. Umio hutanuka, hivyo uvimbe hupata nafasi ya kukua muda mrefu kabla ya kuziba njia. Mpaka mtu aende kupimwa kwa kamera, mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali.

Turudi kwenye jina. Upasuaji ambao neno esofagektomia linauelezea sawasawa ulifanyika New York mwaka 1913. Daktari Franz Torek alimwondolea mama wa miaka 67 sehemu ya umio iliyokuwa na saratani, wala hakujaribu kuunganisha kilichobaki. Alitoa ncha ya juu ya umio nje kupitia ngozi, akafungua tundu jingine tumboni, kisha matundu yale mawili yakaunganishwa kwa mpira uliopita nje ya mwili. Mama alitafuna, akameza, chakula kikatoka, kikapita ndani ya mpira, kikaingia tena tumboni. Aliishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Hapo kweli umio uliondolewa, na mahali pake hapakuwekwa kitu chochote cha mwilini.

Mwaka 1933 mpasuaji Tohru Ohsawa wa Kyoto alitoa taarifa za wagonjwa ambao aliwaunganishia umio na mfuko wa chakula ndani ya kifua. Mwaka 1946 Ivor Lewis, mpasuaji wa asili ya Wales aliyefanya kazi London, alieleza njia ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: kwanza tumbo hufunguliwa na mfuko wa chakula kutayarishwa, halafu kifua hufunguliwa upande wa kulia. Yeye alizitenga hatua hizo kwa siku kadhaa. Sasa hufanyika siku moja. Tangu hapo kukata kumekuwa nusu ya kazi tu, lakini jina limebaki kama lilivyokuwa enzi za Torek.

Nusu ya pili inahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo mgonjwa atakayoishi nayo. Mpasuaji huachanisha mfuko wa chakula na vitu vinavyoushikilia. Mishipa kadhaa ya damu hufungwa, ukiwamo ule mkubwa wa upande wa kushoto, lakini mmoja hulindwa kama mboni ya jicho: ule unaopita kwenye ukingo wa nje wa mfuko, upande wa kulia. Baadaye mfuko mzima utategemea zaidi mshipa huo. Kisha mashine ya pini hupita kando ya ukingo wa ndani, ikikata na kushona kwa pamoja, na mfuko uliokuwa mpana unageuka mrija mrefu mwembamba. Mrija huo huvutwa juu kupitia kiwambo hadi kifuani, wakati mwingine hadi shingoni, ukaungwa na kipande cha umio kilichobaki. Pamoja na umio hutolewa tezi za limfu zilizo jirani, zikapimwe kama saratani imeshazifikia.

Pale mrija na umio vinapokutana ndipo penye hofu kubwa. Ncha ya mrija mpya iko mbali na chanzo chake cha damu, na umio hauna ile ngozi nyembamba ya nje inayoufunika utumbo na kusaidia mshono kushika. Mahali hapo pakivuja, mate na usaha huingia kifuani. Siku za kwanza baada ya upasuaji, joto la mwili likipanda au moyo ukienda mbio bila sababu, hilo ndilo jambo la kwanza daktari analoliwazia.

Hapo pia panahitajika istilahi. Wanaosema "mshono umevuja" humfanya mgonjwa aangalie kidonda cha ngozi, ambacho huenda kikawa kikavu kabisa. "Muungano" umeshachukuliwa na siasa. Tanzania ukisema Muungano unavuja utaitiwa waandishi wa habari. Mimi nachagua "kiungio". Mafundi bomba wanalitumia kila siku, linaeleweka, na "kiungio kimevuja" haihitaji maelezo zaidi.

Upasuaji wenyewe tuuiteje, basi? "Kubadilisha umio" kuna mvuto, lakini atakayesikia atadhani umepatikana umio wa mtu mwingine, kama inavyokuwa kwa figo. "Kupandikiza" kuna kosa hilohilo. "Kuondoa umio na kupandisha tumbo" kunakaribia, isipokuwa tumbo kwetu ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu. Mtu atapata picha ya kitambi kikihamia kifuani. Ninachopendekeza ni "kuondoa umio na kupandisha mfuko wa chakula". Kwa wale ambao mfuko hauwezi kutumika, kwa mfano kwa sababu ulishapasuliwa zamani, hutumika kipande cha utumbo mpana, na hapo itafaa "kuondoa umio na kuunga upya njia ya chakula". Ni marefu, najua. Kwenye faili madaktari waandike esofagektomia wakitaka. Fomu ya ridhaa haiandikwi kwa ajili yao.

Faida ya kutaja kupandisha ni kwamba maisha ya baadaye yanaanza kueleweka. Mfuko uliogeuzwa mrija haupokei sahani kubwa, kwa hiyo mgonjwa atakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Ile misuli iliyozuia chakula kurudi juu haipo tena, kwa hiyo atalala kichwa kikiwa kimeinuliwa. Akinywa kitu chenye sukari nyingi kinaweza kushuka kwa kasi hadi kwenye utumbo, akatoka jasho na moyo kumdunda. Wengi huwekewa kwa muda mpira wa kulishia moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, mpaka kiungio kipone.

Kazi hii haifai kufanywa mara moja moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika hospitali zilizofanya upasuaji wa aina hii chini ya mara mbili kwa mwaka, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alifariki. Katika zile zilizofanya zaidi ya 19, idadi ilishuka chini ya mmoja kati ya kumi. Njia ya kufungua pia ina uzito. Mwaka 2012 utafiti wa Ulaya ulilinganisha kupasua kifua wazi na kutumia matundu madogo na kamera: maambukizi ya mapafu katika wiki mbili za kwanza yalikuwa asilimia 29 kwa njia ya kwanza, na asilimia 9 kwa ya pili.

Mwaka huohuo watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya utafiti uitwao CROSS, ambao baadhi ya wagonjwa wake walipewa dawa za saratani na mionzi kwa wiki chache kabla ya kupasuliwa. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa waliopasuliwa moja kwa moja ilikuwa miezi 24. Msomaji wa Afrika Mashariki aitazame kwa makini zaidi sehemu ndogo ya utafiti huo. Saratani za umio ni za aina mbili kubwa: ya seli za tezi, iliyozoeleka Ulaya na Marekani, na ya seli bapa, ambayo ndiyo karibu yote tuliyo nayo kwenye ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Wenye seli bapa walikuwa kama robo tu ya wagonjwa wa CROSS, lakini ndio walionufaika zaidi: miezi 81 dhidi ya 21. Utafiti mpya wa Ujerumani, ESOPEC, unaosifiwa kwa kuonyesha kwamba dawa peke yake kabla na baada ya upasuaji hushinda dawa na mionzi, ulihusu seli za tezi tu. Kuuhamishia Eldoret au Moshi bila kusema hivyo ni kupotosha.

Wagonjwa wengi wa ukanda huu huchelewa kiasi kwamba upasuaji hauwezekani. Hapo linakuja neno jingine, stenti: kimrija cha wavu wa chuma kinachoingizwa kikiwa kimekunjwa, kikajitanua ndani ya uvimbe na kufungua njia. Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, ilijijengea jina duniani kwa kazi hiyo, na mwaka 2009 madaktari wake walichapisha taarifa za wagonjwa zaidi ya 900. Nusu ya waliofuatiliwa waliishi zaidi ya siku 250 hivi, nao kwa jumla walimeza vizuri zaidi kuliko walivyokuja. Stenti haitibu saratani, na atakayeitafsiri kwa neno lenye harufu ya tiba atawaumiza watu. Naliacha lilivyo, na maelezo yake yawe "kimrija cha kufungulia njia ya chakula".

Sasa watafiti wameanza kuuliza kama umio ni lazima uondolewe kila mara. Katika utafiti wa Uholanzi uitwao SANO, wagonjwa ambao baada ya dawa na mionzi hawakuonekana tena kuwa na saratani waligawanywa: wengine wakapasuliwa, wengine wakafuatiliwa tu, wapasuliwe iwapo ugonjwa utarudi. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 71 kwa kundi la kwanza na 74 kwa la pili. Kulitafsiri hilo "kusubiri na kutazama" kunaweza kusikika kama kutelekezwa, wakati ukweli ni kwamba mgonjwa huitwa tena na tena kwa kamera, vinyama vya kupima na picha za mwili mzima. "Ufuatiliaji wa karibu badala ya upasuaji" kunatosha, mradi anayeambiwa hivyo anaweza kuipata kamera hiyo kila baada ya miezi mitatu.